Kupungua kwa Tumbo la Athumani

Iko nchi moja inaitwa Shibani. Sitasema iko upande gani, kwa sababu wenyewe hawapendi kutembelewa wakati wa kula. Ninachoweza kusema ni kwamba ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Shibe, na kwamba njaa ilipigwa marufuku huko kwa sheria ya Bunge. Wabunge wote waliunga mkono, isipokuwa mmoja ambaye wakati wa kupiga kura alikuwa ametoka kwenda kula.

Kabla ya sheria hiyo Shibani ilikuwa nchi ya kawaida tu. Watu walilima mahindi, kunde, choroko na karanga. Mchicha uliota wenyewe nyuma ya majiko, na dagaa waliletwa sokoni kwa magunia. Ndipo akateuliwa Mheshimiwa Daktari Ngwalida Mabumba kuwa Waziri wa Shibe. Alikuwa mtu mwenye huruma. Siku yake ya kwanza ofisini aliuliza, "Tutajuaje kwamba wananchi wameshiba?"

Wataalamu wakamweleza mambo marefu kuhusu damu, uzito na urefu wa watoto. Aliwasikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema, "Mtu akishiba, tumbo linajaa. Basi pimeni matumbo."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sera ya Tumbo Mbele. Chini ya sera hiyo kunde, choroko, karanga na dagaa vilipandishwa cheo vikaitwa Vyakula vya Heshima, na chakula cha heshima hakiliwi na mwenyewe. Hupelekwa ng'ambo kikailetee nchi heshima. Unga wa dona ulipigwa marufuku kwa kuwa rangi yake inakumbusha shida. Mchicha, mnavu na mlenda, kwa sababu huota bila kibali, vilitangazwa kuwa magugu. Mwananchi akabakiwa na sembe, nyeupe kama karatasi ya ofisini, akahimizwa aile kwa wingi. Watoto walikula, wakaongezewa, wakala tena. Baada ya muda matumbo yao yakaanza kutokeza mbele, na Wizara ikafurahi sana.

Sasa niwaeleze habari za Siwema.

Siwema alikuwa binti wa Kata ya Kirambo, na tangu utotoni alipenda kulima. Upendo huo ulimpa taabu kidogo alipoingia Chuo cha Taifa cha Vijana Wakulima wa Kisasa. Chuo kile kilikuwa na ghorofa, mazulia, na jembe moja lililofungiwa ndani ya kabati la kioo. Vijana walifundishwa Uongozi wa Mbegu, Maadili ya Mbolea, na somo gumu kuliko yote, Namna ya Kusimama Karibu na Zao Wakati wa Kupigwa Picha. Wengi walilifeli hilo kwa kushika mmea upande wa chini.

Siku moja Siwema alinyoosha mkono akamuuliza Mkuu wa Chuo, Bwana Palapala, "Mwalimu, tutalima lini?"

Darasa zima likacheka. Bwana Palapala hakucheka, maana alikuwa mlezi. "Binti yangu," alisema kwa upole, "anayelima ni mkulima. Wewe unafundishwa uwe mkulima wa kisasa. Udongo ni hatua ya juu kabisa, na wengi wenu hamtaifikia."

Siwema alihitimu vizuri. Akavishwa joho, akapewa kofia ya Wizara, akakabidhiwa futi ya kupimia, ile ya mafundi cherehani, na cheo cha Afisa Kijana wa Shibe. Akapangiwa kwao, Kirambo. Kazi yake ilikuwa kusimamia Shamba la Mfano la Vijana, ambalo lilikuwa limepandwa kunde za kwenda ng'ambo, na kupima matumbo ya watoto wa kata. Shamba lenyewe lililimwa na akina mama wa Kirambo, waliojitolea kwa amri.

Alipofika, nyumba ya kwanza kuingia ilikuwa ya dada yake, Mwamvua. Mume wa Mwamvua alikuwa amekwenda migodini kutafuta kazi, na habari zake zilikuwa hazijulikani. Mwamvua alimkumbatia mdogo wake, akaizunguka ile kofia akiitazama huku na huku, akasema, "Kumbe wewe ndiye serikali sasa."

"Athumani yuko wapi?" Siwema aliuliza. Alipoondoka kwenda chuoni alimwacha mtoto huyo akitambaa na kuvunja vyombo.

"Si huyo hapo."

Athumani alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Hakuinuka. Alimtazama mamake mdogo kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mbali. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi. Mashavu yalikuwa yamejaa, na tumbo lake lilikuwa limekaa mapajani mwake kama mtungi. Miguuni alivaa soksi, na jua lilikuwa kali.

"Anaumwa, dada?"

"Anaumwa nini? Ameshiba. Mpime."

Siwema akampima, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta. Jioni ile alipopeleka vipimo kwa Mtendaji wa Kata, Bwana Pazi, mzee yule alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Kisha akainuka na kumpa mkono.

"Hongera sana. Hakuna tumbo kama hili katika wilaya nzima. Mwaka huu Mtoto wa Shibe anatoka Kirambo."

Mtoto wa Shibe huchaguliwa kila mwaka, akawekwa kwenye kiti mbele ya Waziri mwenyewe siku ya Sikukuu ya Shibe. Mamake hupewa sembe ya kutosha msimu mzima, na mtendaji wa kata yake huhamishiwa mahali penye lami. Bwana Pazi alikuwa amengojea lami muda mrefu. Tangu siku hiyo alipita kwa Mwamvua kila asubuhi kumjulia hali Athumani, akilitazama tumbo kabla ya kusalimia.

Siwema hakuwa na raha. Kila alipomwinua yule mtoto alimwona mwepesi mahali ambapo angetakiwa kuwa mzito. Akambeba hadi zahanati kwa muuguzi, Bi Tausi, mwanamke wa makamo aliyesomea kazi yake vizuri tena nje ya nchi. Bi Tausi alimwangalia Athumani kidogo tu, kisha akafunga mlango.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mtoto wa dada yangu."

"Mimi nimekwisha kuandika kwamba ameshiba kupita kiasi. Ndivyo tunavyoagizwa kuandika."

"Na ukiacha hayo uliyoandika?"

Bi Tausi aliketi. "Huyu havimbi kwa shibe," alisema. "Anavimba kwa kukosa chakula cha kumjenga. Hayo ni maji. Zamani ugonjwa huu ulikuwa na jina, ukafutwa pamoja na njaa. Mpe kunde, mpe dagaa, mpe mboga za majani. Kidogo kidogo, mara nyingi, usimjaze kwa pupa. Usipofanya hivyo, kiti cha Waziri hatakifikia."

"Wako wangapi hapa kama yeye?"

"Wewe ndiye unayewapima," Bi Tausi akasema.

Siwema alirudi kwa dada yake akamweleza. Mwamvua alikasirika kwanza. Alikuwa akipepeta, akaendelea kupepeta kwa nguvu hata pale ungo ulipokuwa hauna kitu.

"Unataka niende nikamwambie nani kwamba mwanangu ana njaa? Njaa imefutwa. Watanicheka. Watasema Mwamvua anakula sembe ya serikali kisha anaitukana."

"Sitaki umwambie mtu."

"Kila mtu anapita hapa kumsifu. Bwana Pazi anapita kumsifu. Mimi tangu nizaliwe nimesifiwa kwa nini kingine?"

Siwema alimvua Athumani soksi, akabonyeza kidole juu ya mguu wake, akakiondoa. Shimo likabaki pale, kama kwenye ugali uliobonyezwa.

"Tazama, dada."

Mwamvua hakutazama. Aliweka ungo chini. "Najua," alisema. "Huwa nambonyeza hivyohivyo kila asubuhi. Kisha namvisha soksi."



Asubuhi iliyofuata Siwema aliingia Shamba la Mfano akachuma kunde. Alichuma mchana kweupe, akiwa na kofia ya Wizara kichwani, na mlinzi wa shamba akampigia saluti na kumsaidia kubeba, kwa sababu Shibani hakuna anayemuuliza mwenye kofia anachokibeba. Mchicha ulikuwapo nyuma ya kila jiko, ukikua kinyume cha sheria. Dagaa waliletwa na Bi Tausi, ambaye hakusema amewatoa wapi. Mwamvua alichemsha kunde mpaka zikalainika, akaziponda, akamlisha mwanawe kwa ncha ya kijiko.

Mwanzoni Athumani alitema. Baadaye akameza. Zikapita siku ambazo Siwema alidhani wamechelewa, maana uvimbe ulipoanza kupungua, yaliyotokea chini yake yalikuwa mifupa mitupu, na Mwamvua alimshika mtoto wake kama mtu anayeshika kitu cha kuazima. Lakini ikafika siku moja Athumani akaona bakuli likipita kwenda kwa mwingine, akalia kwa hasira, akaupiga mkeka mateke. Mwamvua akaketi palepale chini akalia naye. Hakuwa amekisikia kilio kile tangu mvua za mwaka uliopita.

Bwana Pazi alikuwa amekwenda wilayani kwenye semina ya kuandaa Sikukuu. Aliporudi akapita kwa Mwamvua kama kawaida, akatazama pale alipozoea kutazama, na uso wake ukabadilika.

"Tumbo limekwenda wapi?"

"Limepungua, Mzee," Siwema alisema.

"Naona limepungua. Nauliza limekwenda wapi. Mali ya kata haiwezi kupotea hivihivi na afisa yupo." Akachuchumaa mbele ya Athumani, aliyekuwa anavuta kuku mkia. "Na hiki ni nini? Kwa nini mtoto anatembeatembea?"

"Amepona."

"Nani alikwambia alikuwa mgonjwa?" Bwana Pazi alifunika uso kwa viganja. Mzee huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu, na niliwahi kuambiwa kwamba nao walivaa soksi. "Jina lake limeshapelekwa kwa Waziri," alisema. "Waziri hawezi kuambiwa kwamba jina limekonda."

Ndiyo maana siku ya Sikukuu ya Shibe Athumani aliletwa uwanja wa mpira akiwa amefungwa mto wa kulalia ndani ya shati, akaketishwa kwenye kiti kilichopambwa maua ya karatasi. Akina mama wa Kirambo walipangwa mbele na watoto wao mapajani, matumbo yakielekezwa jukwaani kama ilivyoagizwa.

Mheshimiwa Mabumba alihutubia vizuri sana. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi ambazo watoto wao hukimbia. Najiuliza, wanakimbia nini? Wanaikimbia njaa. Mtoto wa Shibani hakimbii. Anakaa. Anakaa kwa sababu ana utulivu wa shibe. Hata kilio hamkisikii. Nimepita kata nyingi leo sijasikia mtoto akilia, na nilipokuwa garini machozi yalinitoka kwa fahari."

Watu wakapiga makofi. Bendi ya polisi ikaanza kupiga, na ndipo Athumani alipoiona ngoma kubwa. Alikuwa hajawahi kuona kitu cha namna ile. Akateremka kitini akaikimbilia. Katikati ya uwanja mto ukamtoka chini ya shati, ukabaki nyasini, naye akaendelea na safari yake akiwa mwepesi zaidi.

Bendi ikanyamaza. Waziri akautazama mto.

"Mtoto ametoa nini?" aliuliza.

"Ni shibe ya ziada, Mheshimiwa," alijibu Bwana Pazi.

Waziri akaagiza afisa mhusika aje ampime mtoto hadharani. Siwema akaja na futi yake. Aliniambia baadaye kwamba alifikiria kusema uongo, ila hakuupata wa haraka. Akamshika Athumani, akampima.

"Soma," Waziri alisema.

"Ni tumbo la mtoto, Mheshimiwa. La kawaida."

"Na lile lingine?"

"Halikuwa tumbo. Yalikuwa maji."

"Maji ya nani?"

"Ya ugonjwa, Mheshimiwa. Alikuwa amekosa chakula cha kumjenga mwili."

"Na sasa amekula nini?"

"Kunde. Na mchicha, na dagaa kidogo."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Waziri aliinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Binti," alisema kwa uchungu, "umemlisha mtoto huyu heshima ya nchi yake, ukamchanganyia na magugu."

Hakuna aliyepiga makofi. Katika ule ukimya mwanamke mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, na mtoto wake mwenye tumbo kubwa mapajani, aliuliza bila kuinuka, "Kunde mbichi au kavu?"

Siwema akamgeukia. "Zozote, mama. Uzichemshe mpaka zilainike, umpondee."

"Na huo mchicha, ni huu wa nyuma ya nyumba?"

"Huohuo."

Askari walikuwa wameshamshika mikono, na akina mama walikuwa bado wanauliza: asiye na meno je, anayehara je, mara ngapi kwa siku. Siwema alikuwa akijibu huku anapelekwa, akigeuza shingo. Alipoingizwa garini, waulizaji wakamgeukia Bi Tausi, aliyekuwa amesimama kando yao. Bi Tausi alitazama kushoto na kulia, akavuta pumzi, akaanza kujibu alipoachia mwenzake.

Waziri alikwenda hemani kutuliza moyo kwa kuku na kunde za nazi. Alipotoka, Shamba la Mfano, lililopakana na uwanja, halikuwa na kunde hata moja. Akina mama walikuwa wamejitolea tena, safari hii bila amri.

Serikali ya Shibani ni ya sheria, kwa hiyo Siwema alifikishwa mahakamani. Alishtakiwa kwa kuhujumu tumbo la mtoto ambaye jina lake lilikwisha kupelekwa kwa Waziri. Akanyang'anywa joho na cheti, akahukumiwa kifungo katika gereza la kilimo. Kule ndiko alikokabidhiwa jembe mara ya kwanza tangu aanze masomo ya kilimo. Mkuu wa gereza, mtu mkali, alimwonyesha jinsi ya kupanda kwa mistari na kutengeneza mboji, akisisitiza kwamba hiyo ni adhabu. Siwema alijitahidi asionekane anafurahi.

Bwana Pazi hakupata lami. Alishushwa cheo akarudishwa nyumbani kwake, ambako nasikia alianza kupanda choroko nyuma ya choo na kuwaambia watu ni maua.

Upande wa Wizara, mambo yalikuwa mazito. Vipimo vya Kirambo vilikuwa vimeporomoka. Kata nzima matumbo yalikuwa yamerudi ndani, watoto wanapiga kelele, wengine wameanza kupanda miti. Iliundwa Tume. Tume ilikaa, ikala, ikazunguka kata na kuhoji, kisha ikaleta matokeo ambayo hayakuwa na ubishi: kila mtoto aliyepatwa na janga hilo alikuwa amekula kunde, dagaa au mchicha.

Mheshimiwa Mabumba alishtuka. Kama jambo hili lingeenea, alisema, nchi ingebaki bila tumbo hata moja la kumwonyesha mgeni. Akaamuru wananchi wote waonywe, na onyo litolewe redioni kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa lugha nyepesi ambayo kila mzazi ataielewa.

Siwema hakulisikia onyo hilo, maana gerezani hakukuwa na redio. Alipomaliza kifungo alipokelewa barabarani na Mwamvua. Athumani alikuwa ametangulia mbali, akirusha mawe kwenye miti, na Mwamvua alimkemea mpaka sauti ikamkauka. Nywele za mtoto zilikuwa nyeusi.

"Kabla ya nyumbani nataka nimwone Bi Tausi," Siwema alisema.

Walipofika zahanati walikuta akina mama wamejaa barazani hadi kwenye ngazi. Wengine hawakuwa watu wa Kirambo kabisa. Walikuwa na mabegi ya safari na watoto waliovishwa soksi. Wote walikuwa kimya wakiuelekea mlango, ambako Bi Tausi alikuwa ameweka redio juu ya stuli. Sauti nzito ya mtangazaji wa Wizara ilikuwa ikisoma kwa utulivu:

"Ndugu mzazi, kuwa mwangalifu. Mtoto aliyevimba akipewa kunde zilizochemshwa na kupondwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, tumbo lake hupungua na miguu hukauka. Hupoteza utulivu. Huanza kulia akidai chakula, na kukimbia ovyo. Nywele zake huweza kurudi kuwa nyeusi. Madhara haya huongezeka haraka zaidi iwapo atapewa pia mchicha..."

Siwema akasogea mbele. "Hodi hapa. Jamani, kuna nini?"

Mwanamke mmoja mgeni, asiyemfahamu, alimgeukia akaweka kidole mdomoni. "Nyamaza kwanza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hajafika kwenye dagaa."